Baba Aliyeacha Daftari Wazi

Hotuba iliyotolewa nyumbani kwa marehemu, Mlimba, mkoani Morogoro, baada ya misa ya arobaini. Kwa ombi la familia, jina la marehemu na majina ya wanawe hayakuandikwa.

Baba Paroko, Mwenyekiti wa Kitongoji, wazee wa ukoo mliosafiri kutoka Songea, wastaafu wenzangu wa reli, mama yetu mfiwa, watoto na wajukuu wa marehemu, ndugu waombolezaji, Tumsifu Yesu Kristo. Na kwa majirani zetu Waislamu, ambao tangu siku ya msiba mmekesha nasi na kuchimba kaburi pamoja nasi, asalamu aleikumu.

Familia imeniomba niseme machache kuhusu maisha ya mzee wetu, nami nimekubali kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba nilifanya kazi chini yake katika genge la matengenezo ya njia tangu mwaka 1983 hadi alipostaafu, na mtu uliyetembea naye juu ya mataruma kuanzia alfajiri hadi adhuhuri huwezi kudai kwamba hukumfahamu. Ya pili ni kwamba mimi ni Mhehe na yeye alikuwa Mngoni, na kwa kuwa babu zetu walipigana vita vikali katika karne ya 19 na kutuachia utani badala ya uadui, ninayo ruhusa ya kusema hata yale ambayo watoto wake wangeona haya kuyasema. Ruhusa hiyo nitaitumia kwa kiasi, maana mama yupo na Baba Paroko anasikiliza.

Nimehudhuria misiba mingi ambako wasifu wa marehemu husomwa kwa mpangilio mmoja: alizaliwa lini, alisoma wapi, aliajiriwa wapi, ameacha mjane na watoto wangapi, kisha hufuata maneno kwamba alikuwa mcheshi na mpenda watu. Wasifu wa namna hiyo tayari umesomwa kanisani, nami sitaurudia. Jambo ninalotaka kulieleza ni moja, nalo ni kwamba mzee huyu hakuwaficha watu wa nyumbani kwake kitu chochote, wala fedha yake, wala shida yake, wala nia yake kuhusu siku ambayo yeye asingekuwepo. Kwa maoni yangu hapo ndipo ulipokuwa upendo wake, kwa sababu maneno matamu hakuwa nayo kabisa, na mama ni shahidi wangu.

Alizaliwa katika vijiji vya Peramiho, akasoma shule ya misheni na kujifunza useremala kidogo kwa mafundi wa abasia. Mwaka 1972, wakati vijana kutoka kila pembe ya nchi walipokuwa wakichukuliwa kwenda kujenga Reli ya Uhuru, naye alipanda lori hadi Njombe, akaendelea hadi Makambako, na kutoka hapo akateremka kwa miguu na kwa magari ya ujenzi hadi kambini. Wale mliozaliwa baadaye mnaiona njia hii kama mto au mlima, kana kwamba ilikuwepo tangu kuumbwa kwa dunia. Lakini kipande hiki cha kutoka Mlimba kupanda hadi Makambako ndicho kilichowatoa jasho wajenzi kuliko vipande vyote vya zile kilomita 1,860 za kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, kwa sababu hapa ndipo bonde la Kilombero linapokutana na ukuta wa milima, na ilibidi njia ipitishwe katika mahandaki na juu ya madaraja marefu, mvua ikinyesha na udongo ukiporomoka. Reli ilivuka mpaka wa Zambia pale Tunduma mwaka 1973, na tarehe 14 Julai 1976 ikakabidhiwa rasmi kwa serikali mbili. Vijana wengi walirudi makwao na masanduku yao ya bati. Yeye alibaki, akaingizwa katika matengenezo ya njia, kwa sababu ambayo wakati huo ilikuwa ikiuza ndizi karibu na stesheni, na leo imekaa pale mbele imejifunga kanga nyeusi.

Kuhusu kazi yake nitasema kidogo tu. Fundi njia hasifiwi na abiria. Abiria humjua dereva, humjua mkata tiketi, humlaumu stesheni masta treni inapochelewa, lakini anayetembea na spana na nyundo akikagua bolti moja baada ya nyingine humwona kupitia dirishani kwa nukta chache, kisha amepita. Mzee wetu alikuwa akigonga bolti kwa nyundo ndogo na kutega sikio, na kwa sauti tu aliweza kukuambia kwamba hii imelegea, hata kama wewe uliyekuwa na macho mazuri zaidi ulikuwa umeiruka. Wakati wa mvua za El Niño, mwishoni mwa 1997 na mwanzoni mwa 1998, maji yalipokuwa yakizoa kokoto na kuziba makalavati, alikuwa akirudi nyumbani usiku akiwa na matope hadi kiunoni, na bado kabla ya kulala alikagua kama watoto wametandikiwa vizuri na kama chandarua kimeingizwa chini ya godoro pande zote. Nilipomuuliza kwa nini asimwachie mama kazi hiyo, alinijibu kwamba mama naye alikuwa amechoka.

Sasa nifike kwenye daftari.

Ndugu waombolezaji, mnajua desturi zetu sisi wanaume. Mshahara wa mume ni siri kuliko siri ya jeshi. Mke huambiwa kiasi fulani, mama mzazi huambiwa kiasi kingine, na rafiki wa kilabuni huambiwa kiasi cha tatu, na hakuna hata kimoja kilicho sahihi. Mzee huyu, siku aliyolipwa, alikuwa akirudi nyumbani moja kwa moja, anaweka bahasha mezani mbele ya mkewe na mbele ya watoto waliokwisha kujua kusoma, na mtoto mmojawapo, kwa zamu, ndiye aliyehesabu fedha na kuandika katika daftari la shule la mistari. Jana binti yake mkubwa alinionyesha moja ya madaftari hayo. Lina jalada la kijani lililoshonwa kwa uzi baada ya pini kuoza. Ndani yake kuna mwandiko wa mtoto, mkubwa na wa kupinda: chumvi, mafuta ya taa, sabuni, kibiriti, sadaka, madaftari, dawa ya mtoto. Kila mwezi kuna mstari mmoja umeandikwa "Songea", nao ndio ulikuwa wa mama yake mzazi. Mwezi ambao fedha haikutosha, kuna alama ya mkato mbele ya kitu kilichoachwa, na katika kurasa nyingi kitu cha kwanza kukatwa ni tumbaku yake.

Daftari hilo lilianza miaka ya dhiki. Baada ya vita vya Kagera, Mwalimu alituomba tufunge mikanda kwa miezi 18, na wote tunajua kwamba miezi ile ilijizalia mingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sabuni ilikuwa ikipangiwa foleni, sukari ilitafutwa kama dawa, na shati likichanika lilitiwa kiraka juu ya kiraka. Nyumba nyingi ziligombana wakati ule, kwa sababu mke aliamini kwamba fedha ipo ila imefichwa, na mume aliamini kwamba mke hajui hali ilivyo. Katika nyumba hii ugomvi wa namna hiyo haukuwa na mahali pa kuanzia, maana hata mtoto wa darasa la tatu alijua mwezi huu kimebaki kiasi gani. Karo za sekondari ziliporudishwa katikati ya miaka hiyo, baraza lao la nyumbani lilikaa na daftari mezani, na watoto wenyewe ndio waliopendekeza baiskeli iuzwe. Iliuzwa. Aliyesomeshwa kwa fedha ya baiskeli hiyo ni msichana, na shangazi zake walipolalamika kwamba anasomeshwa kwa ajili ya ukoo wa watu wengine, baba yake aliwajibu kwamba baiskeli haikuwa ya ukoo wowote. Binti huyo ni mkunga leo, na baadhi ya vijana waliopanga viti hivi mnavyokalia walipokelewa duniani kwa mikono yake.

Nisipozungumzia biashara ya mama nitakuwa nimemsifu mwanamume kwa kazi ya mwanamke. Mama huyu ni mtoto wa bonde hili. Aliuza ndizi, baadaye akauza mchele wa Kilombero kwa kuutuma kwa treni hadi Dar es Salaam na kuupandisha hadi Makambako kwa ile treni fupi tuliyoizoea kwa jina la kipisi. Treni, kama mnavyojua, haina adabu ya saa. Inaweza kufika saa nane za usiku, na ikifika, mwenye mzigo ana dakika chache za kusukumana kwenye mlango wa behewa. Mzee wetu, akiwa msimamizi wa genge, na wakati mwingine akiwa bado amevaa sare, alikuwa akibeba sinia la ndizi kichwani kwake hadi stesheni, kisha akasimama kando ya mkewe ameshika chemli ili mnunuzi aone anachonunua na mwuzaji aone chenji anayorudisha. Tulimcheka. Nakiri kwamba sisi vijana wa genge tulimwimbia hata wimbo, na wimbo wenyewe haufai kuimbwa mbele ya padri. Hakutukemea. Alipanua tu miguu yake, akaiweka chemli juu zaidi, na kesho yake akatupangia kipande kirefu cha njia kuelekea Uchindile, mlimani, bila kueleza sababu.

Fedha ya mchele iliandikwa katika daftari lile lile, lakini kwa ukurasa wake, na juu ya ukurasa kuna jina la mama. Alichokichuma mama kilikuwa cha mama, na mume akikopa humo aliandika kwamba amekopa. Nimeona mahali palipoandikwa kwamba baba amerudisha. Enyi wanaume wenzangu mliokaa chini ya mwembe ule, sisemi zaidi, kila mmoja aulize moyo wake.

Miaka ya 1990 ilikuja na ugonjwa ambao wakati ule tulikuwa tukiutaja kwa kuzungukazunguka, na ndugu zake wawili walifariki wakafuatana. Watoto wao waliletwa hapa kutoka Songea, wakiwa na mfuko mmoja wa nguo. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu. Alichofanya kwanza ni kununua kaki na kitambaa cheupe kutoka jora moja, akampelekea fundi cherehani watoto wote wapimwe kwa pamoja, wake na waliokuja, ili shuleni asiwepo mtu wa kuwatofautisha kwa rangi ya sare. Mgeni akimwuliza ni wepi hasa aliowazaa yeye, alikuwa na jibu moja tu: "Wote walikula hapa jana." Leo, wakati wa kutambulisha familia, mmewaona watoto wamesimama mstari mmoja, na mwenyekiti wa kamati aliyetaka kusema "wa kuzaa" na "wa kulea" amekatishwa na wenyewe. Jambo hilo limenifurahisha kuliko hotuba yoyote inayoweza kutolewa, pamoja na hii.

Hakuwa malaika, na nikisema alikuwa malaika watani wenzangu watanizomea. Alikuwa na hasira ya kimya inayoweza kukaa siku mbili nyumbani kama mgeni asiyeaga. Katika bao alikuwa hakubali kushindwa. Alidai kete zimehesabiwa vibaya. Na kwa mwanawe wa pili alikuwa mgumu kupita kiasi. Kijana huyo aliacha shule, akadandia treni ya mizigo hadi Dar es Salaam, na baba yake akaapa kwamba hatamtafuta. Kiapo hicho kilivunjwa polepole na mama. Mama alianza kumtuma mtoto mwenye zamu ya daftari aandike mstari mpya, "barua na stempu", na mzee, ambaye alizoea kupitia kila mstari, aliuona, akaupita bila kuukata. Mwezi mwingine chini ya mstari huo akaongeza kwa mkono wake mwenyewe "na nauli". Barua ile na nauli vilipelekwa na gadi wa treni, mkono kwa mkono. Kijana alirudi, baba hakusema neno la kumkaribisha, ila alimpa nyundo akamwambia waende wakakague njia. Huyo ndiye mwenzetu ambaye leo amesimamia chakula chote cha shughuli hii, na ameniruhusu kuyasema haya.

Naomba sasa nieleze jambo zito, na wazee wa Songea mnivumilie.

Wote tumeona nyumba ambako hata arobaini haijafika, ndugu wa marehemu wamekwisha kuhesabu mabati. Mjane huulizwa funguo kabla hajaulizwa kama amekula. Na anayefanya hivyo mara nyingine hujiona yuko ndani ya haki, kwa sababu kanuni za sheria ya mila zilizotangazwa mwaka 1963, ambazo zinahusu makabila mengi yanayofuata ukoo wa baba, zinasema kwamba mjane hana sehemu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, na kwamba sehemu yake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Mzee wetu aliijua kanuni hiyo. Hakubishana nayo vijiweni wala hakuwatukana ndugu zake, ambao kwa kweli ni watu wema na wamethibitisha hivyo. Alichofanya ni kuandika mambo yake mapema.

Upimaji wa mashamba ya vijiji ulipopita katika bonde hili, na watu wakaanza kupewa hati za hakimiliki ya kimila kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, alikwenda ofisini na mkewe, wakaandikisha shamba la mpunga kwa majina yote mawili. Karani alidhani amekosea, akamwuliza mara mbili. Baadaye aliandika wosia. Hakuuandika gizani: aliwaita mashahidi, mmoja wa ndani ya ukoo aliyetoka Peramiho kwa kazi hiyo, na mwingine wa nje ya ukoo, ambaye ni mimi, na mkewe akiwepo na kusaini. Aliusoma kwa sauti mbele ya watoto wake wote waliokuwepo siku hiyo, kisha akatutaka tule wali. Baadhi yetu tuliona ni uchuro, mtu mzima mwenye afya kuzungumzia kifo chake huku wajukuu wakicheza uani. Binti yake mmoja alilia na kutoka nje. Yeye alimfuata, akakaa naye kwenye ngazi muda mrefu, na waliyozungumza hatukuyasikia.

Matunda ya siku hiyo tumeyaona ndani ya siku hizi arobaini. Kikao cha ukoo kilichofanyika juzi kilichukua muda mfupi kuliko misa ya leo. Aliyependekezwa kuwa msimamizi wa mirathi ni binti mkubwa, hakuna aliyepinga, na muhtasari utapelekwa Mahakama ya Mwanzo wiki ijayo. Mama anabaki katika nyumba yake na shamba lake, hahitaji kumwomba mtu. Hata suala la mahali pa kuzikia, ambalo limegawanya koo nyingi kati ya kwao na alikoishi, lilikuwa limeandikwa. Wazee wa Songea walikuwa na haki ya kumtaka kaburini kwa baba zake, na siku ile simu zilipigwa usiku kucha. Lakini wosia ulisema azikwe Mlimba, kwa sababu, kama alivyoandika, mama yake alipofariki yeye alipata habari kwa matangazo ya vifo ya Redio Tanzania, akafika Songea kaburi likiwa limekwisha kufunikwa, na hakutaka mtoto wake yeyote asafiri siku mbili ili kumwona. Mzee wa ukoo aliposomewa sehemu hiyo kwa simu alinyamaza kidogo, kisha akasema, basi sisi ndio tutakuja. Mmekuja, tena mmekuja na udongo wa kwenu mkautia kaburini. Tunawashukuru sana.

Yamebaki matangazo ya shughuli. Yeyote aliyekuwa akimdai marehemu aonane na binti mkubwa kabla ya saa kumi, aje na shahidi. Wanaodaiwa na marehemu wapo, nami nimeiona orodha, na wengine wao wamekaa mbele kabisa wakijipepea. Wasihangaike kukimbia. Katika wosia ameagiza madeni yote ya chini ya gunia moja la mpunga yafutwe, na yale makubwa yalipwe kwa mama pole pole, bila riba na bila matusi.

La mwisho ni langu mimi kama mtani. Ile nyundo ndogo ya kukagulia bolti, tangu asubuhi nimekwisha kuichukua chumbani kwake na iko kwenye mfuko wangu wa koti. Wangoni mkiitaka, mnaijua bei: jogoo mmoja, mweupe, mkubwa, tena asiwe yule niliyemwona akichechemea kule jikoni. Mpaka hapo mtakapoikomboa, naondoka nayo Iringa. Mwenyekiti, karibisha watu chakula.